Zinagusana au zimepangana tu? Kisa cha M60 na jirani yake

Mwaka 1966 mwanaastronomia Halton Arp alichapisha orodha ya picha 338 za galaksi zenye maumbo ya ajabu. Namba 116 ni jozi iliyobanana katika kundinyota la Mashuke. Kubwa ni M60, galaksi ya duaradufu: bonge la mwanga wa manjano lisilo na mikono wala mistari, limekolea katikati na kufifia taratibu kuelekea kingoni. Pembeni yake ipo NGC 4647, galaksi ya msokoto, ndogo zaidi, yenye rangi ya buluu na mikono iliyojikunja kukizunguka kitovu. Kwenye picha, ukingo wa moja umeingia ndani ya ukingo wa nyingine. Arp aliiweka jozi hii katika fungu la galaksi za duaradufu zilizo karibu na galaksi za msokoto na kuzivuruga. Dai hilo, kwamba M60 inamvuruga jirani yake, ndilo ninalotaka kulichambua hapa.

Nimelichagua kwa sababu picha ya jozi hii iliyopigwa na darubini ya Hubble, ikatolewa Septemba 2012, ingali inazungushwa kwenye simu za watu, na mara nyingi imeandikwa chini yake maneno mawili matatu tu: galaksi zinagongana. Wanafunzi huniletea hiyo picha. Mimi huwarudishia swali: mmejuaje? Picha ni bapa. Inatuambia kitu kiko upande gani wa anga, haituambii kiko mbali kiasi gani. Sababu ya pili inatugusa sisi wa Malindi moja kwa moja. Sehemu ya elimu tunayoihitaji ili kuihukumu kesi hii ilianzia baharini kwetu, Ngomeni, na inanisikitisha kuona vijana wanamaliza shule hapa bila kuambiwa.

Historia ya kuonekana kwake ni fupi. Aprili 1779 nyotamkia ilikuwa ikipita eneo la Mashuke, na waliokuwa wakiifuatilia wakajikuta wanaona madoa mengine ya ukungu njiani. Johann Gottfried Koehler aliiona M60 tarehe 11, na Charles Messier siku nne baadaye. NGC 4647 ni hafifu zaidi, kwa hiyo ilisubiri darubini ya William Herschel mwaka 1784.

Ukiwa Malindi, nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, M60 hupanda juu sana, ikaegemea kaskazini kidogo. Wakati mzuri ni Machi, kaskazi inapoelekea ukingoni na masika hayajaleta mawingu. Baada ya saa saba usiku huwa iko kileleni. Mjini taa za hoteli zinaharibu anga, ndiyo maana sisi huenda Mambrui. Tafuta nyota ya Vindemiatrix, kisha sogea nyuzi 4 na nusu upande wa magharibi. Kwa darubini yenye kioo cha sentimita 20 utaona ukungu wa mviringo wenye kiini kinachong'aa: hiyo ni M60. Jirani yake haji kirahisi. Ukimkodolea macho, anapotea. Ukitazama pembeni kidogo, kaskazini-magharibi mwa M60 hutokea wingu jembamba lisilo na umbo, kama pumzi kwenye kioo, na ukirudisha macho pale linaondoka tena. Mwanga huo uliondoka huko zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita.

Nahodha mmoja mstaafu wa pale Mambrui alikuja kutazama nasi. Baada ya shikamoo na marahaba aliinamia darubini kwa muda mrefu, akayaona yote mawili, kisha akauliza, "Sasa mwalimu, hizi ziko pamoja, au moja iko mbele na nyingine nyuma kabisa?"

"Hapo ndipo penye kazi, mzee," nikamwambia. "Wataalamu wamelijadili hilo miaka mingi."

Tuanze na umbali, kwani ndio unaoonekana rahisi. Vipimo vinavyotajwa sana vinaiweka M60 miaka ya nuru milioni 54 kutoka kwetu, na NGC 4647 milioni 63; mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja. Ukizichukua namba hizo kama zilivyo, kesi imekwisha. Pengo la milioni 9 ni zaidi ya mara tatu ya umbali wetu na galaksi ya Andromeda, na hakuna mvurugano wowote wa maana unaoweza kuvuka hapo. Lakini sikubali kuifunga haraka hivyo. Galaksi hizi mbili hazipimwi kwa fimbo moja. Galaksi za duaradufu kama M60 zimejaa nyota kongwe, na mwanga wa nyota hizo kwenye picha una chengachenga. Kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo chenga zinavyolainika, na ulaini huo hupimwa ukageuzwa kuwa umbali. Galaksi za msokoto kwa kawaida hupimwa kwa njia nyingine, kwa kutazama zinavyozunguka: inayozunguka kwa kasi zaidi huwa na nyota nyingi na mwanga mwingi, kwa hiyo ukijua kasi unajua mwanga wake halisi, na ukilinganisha na unaokufikia unapata umbali. Kosa la asilimia 10 tu katika milioni 60 ni milioni 6. Makosa mawili ya namna hiyo yakikutana yanalimeza pengo lote.

Kasi nayo haitusaidii sana. M60 inatukimbia kwa takriban kilomita 1,110 kwa sekunde, NGC 4647 kwa kilomita 1,410 hivi. Tofauti ni 300. Zingekuwa galaksi mbili zilizojitenga zenyewe angani, tofauti hiyo ingetuambia jambo. Lakini zote zimo katika fundo la galaksi la Mashuke, lenye galaksi zaidi ya elfu moja, na ndani yake kila moja inakwenda njia yake kwa mamia ya kilomita kwa sekunde. Kilomita 300 zinafaa kwa majirani wanaopishana, na zinafaa vilevile kwa galaksi mbili zisizohusiana kabisa. Jambo moja tu linajitokeza hapo. Kwa mwendo huo galaksi husogea miaka ya nuru 1,000 hivi katika kila miaka milioni moja. Hatutakaa tukaona hata hatua moja ya safari yao. Tuna picha moja iliyoganda, na hukumu lazima itoke humo.

Kwa hiyo tuache kuuliza ziko wapi, tuulize zimefanyiana nini. Hapa mtu wa pwani ana mahali pa kuanzia, maana nguvu inayopasua galaksi ni ileile inayoleta bamvua. Mwezi unaivuta bahari iliyo upande wake kwa nguvu zaidi kuliko unavyokivuta kitovu cha Dunia, na kitovu kuliko upande wa pili. Tofauti hiyo ya mvuto ndiyo inayoyanyoosha maji. Na tofauti hiyo hupungua upesi mno kwa umbali: ukiuzidisha umbali mara mbili, inabaki sehemu moja ya nane. Ndiyo sababu Jua, lenye uzito wa mara milioni 27 ya Mwezi, haliinui maji hata nusu ya Mwezi unavyofanya. Liko mbali mara 390. Jua na Mwezi vikivuta kwenye mstari mmoja, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, tunapata bamvua. Vikivuta kwa pembe, tunapata maji mafu.

Sasa weka M60 mahali pa Mwezi. Upana wake ni miaka ya nuru 120,000 hivi na uzito wake ni kama jua trilioni moja. NGC 4647 ina theluthi mbili za upana huo na uzito mdogo zaidi sana. Vitovu vyao vimeachana angani kwa dakika mbili na nusu za nyuzi, sawa na sehemu moja ya kumi na mbili ya upana wa Mwezi mpevu. Zikiwa kwenye umbali mmoja, hizo ni miaka ya nuru 40,000 tu. Yaani kitovu cha galaksi ndogo kingekuwa ndani ya mwili wa kubwa.

Hesabu hiyo ndiyo inayonishawishi kuliko kitu kingine. Galaksi laini ya msokoto, iliyojaa gesi, ikiwa miaka ya nuru 40,000 kutoka kitovu cha jitu kama M60, haiwezi kubaki na sura. Mikono ingenyooshwa na kutupwa nje kama mikia mirefu, jinsi tunavyoona kwa NGC 4038 na NGC 4039, galaksi mbili zilizogongana kweli, ambazo mikia yao imetokeza mbali hadi zikaitwa Antena. Gesi ingebanwa, na mahali pa kubanwa nyota changa za buluu zingezaliwa kwa mpigo. Itazame NGC 4647. Mikono bado ni mikono. Haina mkia. Uchambuzi wa picha za Hubble uliochapishwa mwaka 2006 ulitafuta hasa alama hizo kwenye sehemu galaksi zinapopishana, na haukukuta mripuko wa nyota mpya. Ulichokipata ni dalili hafifu, za kiwango cha kusema huenda mvurugano ndio kwanza unaanza.

Kwa hiyo hazipo miaka ya nuru 40,000. Lazima moja iko nyuma ya nyingine kwa kiasi fulani. Likiwepo pengo la 200,000, mvuto wa kupasua umeshapungua mara 125, na galaksi inaweza kuwa inasukwasukwa polepole bila kuonyesha jeraha. Pengo likiwa milioni kadhaa, hakuna kitu.

Lakini ipo dalili moja ya NGC 4647 isiyopuuzika. Gesi yake baridi, ile inayotengeneza nyota, haikutandaa sawasawa, imeegemea upande mmoja. Kitu kimeisukuma au kimeivuta. Mtu akiwa ameshaamua kwamba M60 ndiyo mkosaji, atasema ushahidi ndio huo. Mimi nasema kuna mshukiwa wa pili, na ili kumjua inabidi twende Ngomeni.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, mradi wa Waitalia uliosimikwa baharini kaskazini mwa Malindi. Ilibeba satelaiti ya Marekani. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowapokea, satelaiti ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei za angani. Eksirei hazipenyi hewa yetu, ndiyo maana lazima chombo kipande juu. Na Ngomeni palichaguliwa kwa sababu ya maana: karibu na ikweta mzunguko wa Dunia unaisaidia roketi, na satelaiti inayozunguka juu ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya mionzi ambayo ingevuruga vipimo vyake. Majukwaa yale wavuvi wanayaona hadi leo.

Uhuru ilifanya kazi hadi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa kesi yetu jambo kubwa ni hili: Uhuru ilionyesha kwamba mafundo ya galaksi, likiwemo la Mashuke, yanatoa eksirei kutoka eneo pana, wala hazitoki kwenye nukta moja. Maana yake nafasi kati ya galaksi, ile iliyodhaniwa tupu, imejaa gesi nyembamba yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Mimi kila nikipita njia ya Ngomeni hulifikiria hilo. Jambo hilo kuhusu ulimwengu lilijulikana kwa chombo kilichoondokea kwetu.

Sasa rudi kwa NGC 4647. Galaksi inayokata ndani ya gesi hiyo kwa mamia ya kilomita kwa sekunde hupigwa na upepo. Nyota haziuhisi, zimetawanyika mno, lakini gesi ya galaksi inasukumwa upande mmoja na hata kung'olewa. Gesi iliyoegemea upande inaweza kuwa kazi ya upepo huu, bila M60 kunyoosha mkono. Inaweza pia kuwa kazi ya vyote viwili.

Na M60 yenyewe haijasalimika. Ina gesi yake yenye joto la nyuzi milioni 10 hivi. Utafiti uliochapishwa 2017 kwa picha za darubini ya eksirei ya Chandra ulionyesha gesi hiyo imebanwa na kufanya ukingo mkali upande mmoja, huku upande wa nyuma ikiburutika kama mkia. M60 inaporomoka kuelekea M87, jitu la katikati ya fundo, ambalo kwa jinsi tunavyoliona angani limeachana nayo kwa miaka ya nuru milioni 3 hivi. Tulianza tukiitazama kama mkubwa anayemwonea mdogo. Kumbe naye yumo ndani ya mvuto wa aliyemzidi, na ndiye mwenye jeraha linaloonekana wazi zaidi.

Hata hivyo sitaki msomaji aondoke akidhani M60 haina rekodi. Inayo, na ni nzito. Mwaka 2013 kilitangazwa kitu kiitwacho M60-UCD1, galaksi kibeti iliyo miaka ya nuru 22,000 hivi kutoka kitovu cha M60. Upana wake ni miaka ya nuru 300 tu, lakini ndani yake kuna uzito wa jua milioni 140. Ukiwa kwenye sayari ya huko ungeona kwa macho matupu nyota milioni moja, wakati hapa kwetu katika anga safi mtu huona elfu chache. Mwaka uliofuata, kwa kupima mwendo wa nyota zake kwa darubini ya Gemini Kaskazini huko Hawaii, wataalamu walikuta katikati yake shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hauwezi kutoka, lenye uzito wa jua milioni 21. La galaksi yetu ni milioni 4. Asilimia 15 ya uzito wa galaksi nzima imo ndani ya shimo moja!

Galaksi ndogo haitengenezi shimo kubwa namna hiyo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba hiki ni kiini kilichobaki. Zamani ilikuwa galaksi ya kawaida yenye nyota bilioni 10 hivi, ikapita karibu mno na M60, ambayo shimo lake jeusi lenyewe lina uzito wa jua bilioni 4.5, na mvuto wa kupasua ukaichuna nje yote. Hivyo ndivyo ushahidi wa kweli wa kukutana na M60 unavyoonekana. Ukiweka UCD1 upande mmoja na NGC 4647 upande wa pili, na mikono yake yote mizima, unaona tofauti kati ya aliyepita mikononi mwa jitu na ambaye bado hajafika, kama kweli anakwenda huko.

Uamuzi wangu basi ni huu. Dai la Arp kwa uzito wake, kwamba M60 inaivuruga NGC 4647 kama tunavyoziona, halijathibitishwa. Ninaloona lina nguvu zaidi ni kwamba ziko katika ujirani mmoja wa fundo la Mashuke, zimetengwa na pengo lililo mbali zaidi ya hizo 40,000 za kwenye picha, na huenda zinaanza kuhisiana. Maneno "zinagongana" chini ya picha yafutwe.

Nini kitanibadilisha? Siyo umbali, na hili nilimweleza nahodha kwa kirefu kwa sababu yeye alitaka tupime tu tumalize. Aprili 2022 ilionekana supanova, yaani mlipuko wa nyota, ndani ya NGC 4647, ya aina inayojulikana kwa mwanga wake na hutumiwa kupimia umbali. Darubini ya Webb nayo inaweza kutenganisha nyota nyekundu kubwa mojamoja katika galaksi za mbali namna hii, kwa hiyo galaksi zote mbili zinaweza kupimwa kwa fimbo moja. Lakini hata kipimo kizuri kikikosea asilimia 3, kwa umbali huu ni zaidi ya miaka ya nuru milioni moja na nusu. Kipimo hicho kinaweza kuiachilia M60, kikionyesha pengo la milioni nyingi. Hakiwezi kuitia hatiani, kwa sababu ujirani wa laki mbili na ujirani wa milioni moja kwake ni kitu kimoja.

Hatia italetwa na mkia: utepe hafifu wa nyota uliochomolewa NGC 4647 kuelekea M60, au upande wa pili. Nyota hazisukumwi na upepo wa gesi, kwa hiyo utepe wa nyota ukionekana, yule mshukiwa wa pili ameondoka na M60 inabaki peke yake. Tepe za namna hiyo ni dhaifu kuliko giza la anga lenyewe na zinahitaji eneo lilelile lipigwe picha tena na tena kwa miaka. Kituo cha Vera C. Rubin nchini Chile kimejengwa kwa kazi hiyo, na katika picha zake za kwanza, zilizotolewa Juni 2025, ilikuwemo sehemu ya fundo hilihili la Mashuke.